Sebule Iliyokuwa Ikijibu

Jaribio la kwanza lilipoharibika, Yarrow alilaumu mtandao. La pili akalaumu kompyuta. La tatu lilipoharibika mbele ya sheikh mwenyewe, alikosa wa kumlaumu, akavua miwani, akaketi kwenye kiti kimoja kilichobaki sebuleni kwake Small Heath, Birmingham, na kuitazama ile maiki mpya kama mtu aliyetukanwa na mgeni.

"Yarrow, ndugu yangu," mdogo wake Tahlil alisema kutoka Nairobi, na sauti yake ilikuja safi kabisa. "Tunakusikia lakini hatukuelewi. Ni kama umetumbukia kisimani unatuita kutoka chini."

Sheikh, aliyeketi kando ya Tahlil, alikohoa. Alikuwa mtu mpole, tena mwenye subira, lakini mambo ya ndoa hayabahatishwi. "Mzee Yarrow, mimi nimeridhia umwoze binti yako ukiwa huko huko. Lakini mimi na mashahidi lazima tulisikie kila neno, na tujue bila shaka kwamba msemaji ni wewe. Kwa hali hii siwezi. Tujaribu tena Alhamisi. Ikiwa bado, mpe Tahlil uwakili, aoze kwa niaba yako. Hakuna ubaya. Ndoa ni ile ile."

Hakuna ubaya! Ni rahisi kusema hivyo kama wewe si baba yake Ifrah.

Yarrow alikuwa na tiketi yake ya ndege tangu mwezi wa sita. Suti alikuwa nayo, viatu alikuwa navyo. Kisha, wiki tatu kabla ya arusi, utando wa nyuma ya jicho lake la kushoto ukabanduka. Madaktari waliurudisha mahali pake na kuushikiza kwa kiputo cha gesi, wakakiacha humo humo ndani ya jicho kiyeyuke chenyewe polepole. Kabla hakijayeyuka, walimwambia, ukipanda ndege kitatanuka, na jicho ndio kwaheri. Wakamfunga mkononi utepe wa kijani wenye onyo, asije akajisahau. Arusi nayo haikuweza kumngoja. Bwana arusi, Daud, alifanya kazi melini, na likizo yake ilikuwa ya wiki mbili tu. Wageni walikuwa wameshaanza kufika kutoka Isiolo na Garissa.

Kwa hiyo angemwoza kwa kompyuta. Wengi wangempa mdogo wao uwakili na kulala usingizi mzuri, ila Yarrow alikuwa na deni la ahadi. Mkewe Najmo, mama yake Ifrah, alifariki mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, na siku chache kabla ya kufariki alimshika mkono akamwambia, "Ifrah usimwachie mtu. Mwoze wewe, kwa mdomo wako." Yarrow akasema inshallah. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa yao alikuwa amesema inshallah nyingi akiwa nyuma ya usukani wa lori, na nyingine ziliangukia njiani. Hii hakutaka ianguke.

Sasa tuseme kweli. Katika mambo ya mitambo ya sauti, Yarrow alijua kuwasha redio na kuizima. Simu sikioni isingefaa, maana sheikh alitaka kuuona uso wake, na tena alitaka watu wawili wanaomfahamu wakae naye na sauti zao zisikike pia. Basi akaigeukia kompyuta ya mezani ambayo Ifrah aliiacha alipohamia Nairobi kufundisha, akaipangusa vumbi, akateremka Coventry Road kwa Dahir, mwenye duka la simu na vifaa vya umeme.

Alichagua spika kwa uzito, kama anayechagua tikiti maji. Akazibeba mbili kubwa nyeusi hadi nyumbani, akazichomeka kwenye tundu la pinki nyuma ya kompyuta kwa sababu lilikuwa la kwanza kuonekana kwa jicho lake zima, akangoja sauti mchana kutwa.

"Pinki ni ya kuingiza, mzee," Dahir alimwambia kwenye simu, akijitahidi asicheke. "Hapo inakaa maiki. Spika iko kijani."

Akahamisha. Sauti ikaja. Akafurahi, akachomeka na maiki, akaiweka katikati ya zile spika mbili zikiitazama uso kwa uso, na nyumba nzima ikapiga yowe ambalo lilimfanya jirani agonge ukuta. Maiki ilikuwa ikiyasikia maneno ya spika na kuyarudisha kwa spika, na spika ikiyarudisha kwa maiki, kama wambea wawili waliokutana sokoni. Dahir alikuja mwenyewe siku hiyo. Akazisogeza spika nyuma ya maiki, zimtazame msemaji, maiki izipe mgongo, akapunguza sauti kidogo. Yowe likaisha.

Lakini kisima hakikuisha. Yarrow akanunua maiki nyingine, ya kusimama, halafu ya tatu, ile ya kuchomeka kwa USB, nzito na inayong'aa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Tahlil alisikiliza zote tatu akasema kisima ni kile kile, labda sasa kina maji zaidi.

"Sauti yako inagonga mahali, mzee," Dahir alisema. "Inagonga halafu inarudi."

Yarrow akalifikiria jambo hilo kidereva. Kama kitu kinagongwa, kiondoe njiani. Akaondoa kikapu cha nguo. Akavua pazia la mwisho lililobaki dirishani. Akaitoa kabati ndogo ya vitabu, akaitoa hata mswala wake, akauweka chumbani. Sebule ikabaki mbao za sakafu, kuta nyeupe, meza ya kompyuta na kiti. Akatazama kazi yake akaridhika, njia sasa ni nyeupe. Hilo ndilo lililokuwa jaribio la tatu, mbele ya sheikh, na lilikuwa baya kuliko yote.

Jumanne alipanda basi hadi Acocks Green, kwenye darasa la kompyuta la wazee pale maktaba. Mwalimu alikuwa mama wa Kigujarati aitwaye Kanta, mwenye miaka sabini na mdomo wa miaka ishirini. Alizaliwa Kisumu, nyuma ya duka la baba yake la kutengeneza redio, na alijua kushika chuma cha kulehemu kabla hajajua kusuka nywele zake. Yarrow alipogundua mwezi uliopita kwamba anasema Kiswahili, aliacha kuwa mwanafunzi mkimya.

"Umebadilisha maiki ngapi?" Kanta aliuliza baada ya kusikia kisa chote.

"Tatu, Kantaben," Yarrow alisema; wanafunzi wote walimwita hivyo, dada Kanta.

"Na chumba?"

"Chumba kipi?"

"Chumba unakaa ukiongea, bhai! Baba yangu, mtu akileta redio mgonjwa, kabla ya kufungua hata screw moja anauliza kwanza: huko nyumbani unaiweka wapi? Juu ya bati ama juu ya kitambaa? Nusu ya redio zilirudi nyumbani bila kufunguliwa." Akafunga mkoba wake. "Kesho nakuja kwako. Usipike. Wewe utanipa chai tu."

Alikuja Jumatano saa nane mchana, akavua viatu mlangoni, akaingia sebuleni na kusimama katikati ya zile mbao tupu. Hakuigusa kompyuta. Hakuitazama hata ile maiki inayong'aa. Alipiga kofi moja.

Chumba kikalijibu. Kofi liligonga ukuta huu, likaenda ule, likarudi, likafia juu karibu na taa.

"Umesikia?" alisema. "Inakujibu. Sebule yenye adabu haimjibu mwenyewe. Maiki yako haina shida, bhai, hata ile ya kwanza haikuwa na shida. Sauti yako inatoka vizuri, lakini hapa hakuna kitu laini cha kuipokea. Inapiga ukuta na kurudi, inajirundika juu ya neno lingine, na wale wa Nairobi wanasikia kisima. Na wewe kila siku unatoa vitu!"

Yarrow aliona aibu iliyomfanya atabasamu. "Nilidhani vinaziba njia."

"Vinakula mwangwi. Zulia linakula, pazia linakula, mito inakula." Akageuka, akaitazama sebule tena, safari hii polepole. "Lakini mimi nimeingia kwa nyumba za Wasomali tangu niko mtoto. Kisumu, na hapa pia. Hakuna moja isiyokuwa na zulia, na mapazia mazito mpaka chini, na ile fadhi ya kukalia imezunguka ukuta. Yako iko wapi?"

"Kifua changu," Yarrow alisema haraka. "Vumbi. Daktari alisema..."

"Mzee Yarrow."

Alisema hivyo tu, bila ukali wowote. Na Yarrow, ambaye kwa mwaka mmoja na miezi miwili aliwaambia watu wote habari ya kifua na vumbi, na wote wakamwitikia pole, alijikuta hawezi kuendelea. Akatangulia ngazi. Akaufungua mlango wa chumba kidogo cha juu.

Vilikuwa humo vyote. Mazulia mawili mekundu yamekunjwa na kusimamishwa pembeni. Mapazia ya rangi ya dhahabu yamo ndani ya mifuko. Magodoro na mito ya fadhi imepangwa hadi karibu na dari, na juu kabisa, kwenye sanduku lililofunguka mdomo, vile vitambaa alivyovishona Najmo kwa mkono vya kufunikia kila kitu kilichopata kuingia nyumba ile, kuanzia televisheni hadi birika. Mlango ulipofunguka, harufu ya uunsi, ubani wa kwao, ilitoka nje. Ilikuwa imelala ndani ya vile vitambaa muda wote huo.

"Nguo zake niligawa," Yarrow alisema. "Ndivyo inavyotakiwa, nikagawa, sikupata taabu. Lakini hii fadhi... Yeye alikuwa anakaa kona moja tu, pale karibu na dirisha. Miaka kumi na minane kona ile ile. Godoro limebonyea. Baada ya mazishi akina mama walikuja wakakaa siku saba, na pale kwenye kona hakukaa mtu, hata mmoja. Walipoondoka, nikabaki na lile shimo lake. Kila nikitoka jikoni naliona. Asubuhi moja nikakunja kila kitu." Akapangusa jicho lake zima. "Ifrah hajui. Kila Ijumaa akinipigia ananiuliza nyumba, namwambia iko vile vile mama yako alivyoiacha."

Kanta hakumwambia pole. Aliugusa mto mmoja, akaubonyeza kwa kiganja kama anayepima mkate kama umeiva.

"Mimi mume wangu alikufa mwaka wa elfu mbili na tisa," alisema. "Mpaka leo nalala upande wangu. Ule mwingine natandika, lakini silali. Kwa hivyo mimi si mtu wa kukucheka." Akaupigapiga ule mto. "Sikiliza. Naweza kuleta magodoro na blanketi kutoka kwangu, tukatundika ukutani, tukatandika chini. Mwangwi haujui blanketi ni ya nani. Kesho sheikh atakusikia vizuri, na chumba hiki unafunga tena. Ama tunateremsha hizi. Mimi sikusukumi. Uamuzi ni wako."

Yarrow alisimama mlangoni muda mrefu. Alifikiria blanketi za watu zikining'inia ukutani siku ya arusi ya Ifrah. Alifikiria pia kule kutoka jikoni na kuikuta ile kona. Kati ya hayo mawili aliogopa yote, na hilo tulikiri, maana wanaume wa umri wake hawasemi wakiogopa. Kisha akakumbatia zulia la kwanza, akaanza kuteremka nalo, ngazi moja baada ya nyingine, kichwa kikiwa wima kama alivyoamriwa na daktari.

Iliwachukua hadi alasiri. Kanta alitundika mapazia akisimama juu ya kile kiti, akigombana na kila pete. Yarrow alitandaza mazulia, akapanga magodoro kuzunguka kuta, akasimamisha mito ya kuegemea. Mikono yake ilijua mpangilio wenyewe bila kuulizwa. Godoro la kona ya dirishani aliliacha la mwisho. Alilileta limekumbatwa kifuani, akaliweka mahali pake, na bonde lake lilikuwa lingali pale pale, dogo, kama lilivyokuwa.

Kanta alipiga kofi. Kofi likasikika mara moja, likaisha.

"Sasa sema kitu."

"Niseme nini?"

"Hayo hayo. Umeshasema."

Yarrow aliisikia sauti yake mwenyewe ndani ya sebule yake, ya karibu, ya chini, haimrudii wala haimdhihaki. Ilikuwa sauti aliyokuwa akiongea nayo jioni na mtu aliyekaa kona ile. Hakuwa ameisikia tangu Najmo azikwe. Akakaa chini juu ya zulia na kulia, na Kanta akaenda jikoni kujitilia chai aliyoahidiwa, akakaa huko mpaka ilipofaa kurudi.

Alhamisi sheikh alisikiliza sentensi moja tu. "Mashallah! Mzee, umenunua mashine nyingine?"

"Hapana, sheikh. Nimetandika."

Sheikh hakuelewa, lakini aliisikia herufi kwa herufi, na hilo ndilo alilolihitaji. "Basi utamwoza mwenyewe," alisema.

Jumamosi saa nne asubuhi kwa Birmingham, saa sita mchana kwa Nairobi, Yarrow aliketi kwenye fadhi amevaa suti yake, kofia kichwani, Dahir kuliani kwake na imamu wa msikiti wa mtaani kushotoni, maiki ikiwa juu ya meza fupi mbele yao watatu. Kanta alikuwa mlangoni na sari ya kijani, akiulinda waya kwa macho. Kona ya dirishani haikukaliwa na mtu, na hakuna aliyeambiwa asikae.

Kwenye kioo watu walionekana wadogo na wenye ukungu, nusu yao wamezama kwenye mstari wa kile kiputo kilichokuwa kikitikisika jichoni mwake. Hakujali. Sheikh alisoma khutba, kisha akamwita kwa jina lake na la baba yake. Imamu na Dahir wakasema mmoja baada ya mwingine kwamba huyu ni Yarrow, wanamjua. Halafu wote, bara hadi bara, wakamngoja yeye.

"Daud," alisema. "Nimekuoza binti yangu Ifrah, kwa mahari mliyokubaliana."

Lilikuwa neno fupi. Alikuwa amelifanyia mazoezi wiki tatu na sasa lilikuwa limekwisha, na halikuwa limeangukia njiani.

"Nimekubali kumwoa," Daud akajibu, na vigelegele vikapasuka upande wa wanawake kule Nairobi kwa nguvu hata spika za kilo nyingi zikakoroma. Kanta akakimbilia kuzipunguza, akicheka na kupangusa macho kwa pindo la sari.

Watu walipomaliza kula halua na kwenda zao, na Kanta amekwisha kupanda basi lake, kompyuta ililia tena. Picha ilikataa, sauti tu ndiyo iliyokuja.

"Aabo," Ifrah aliita, yaani baba.

"Naam, mama yangu. Hongera. Mbona umewaacha wageni?"

Ifrah alipenga kamasi kwanza. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imelowa. "Umetandika fadhi ya Mama."

Yarrow alitazama mlango, kana kwamba msaliti bado angekuwa amesimama pale. "Nani amekwambia? Kantaben?"

"Kantaben ni nani? Hakuna aliyeniambia. Aabo, wewe huwa unaweka simu loudspeaker. Mwaka mzima kila Ijumaa unaniambia nyumba iko vile vile, na mimi nasikia vijiko vikigonga, nasikia hatua zako kwa mbao, nasikia nyumba tupu. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Na hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Nilikuwa nakungoja." Akavuta pumzi. "Leo uliponioza, sikusikia maneno vizuri, nilikuwa nalia. Lakini nilisikia nyumbani. Nilisikia ni kwetu."

Yarrow aliinuka. Aliichukua ile maiki nzito inayong'aa kutoka kwenye meza fupi, akavuta waya wake taratibu hadi dirishani, ukafika kwa shida. Kisha akateremka, goti moja kwanza kama wazee wanavyoteremka, akaketi kwenye kona, ndani ya lile bonde, na likamtosha.

"Sema, mama," alimwambia. "Nimekaa. Nakusikia."